Uzi: Shimo jeusi ni shimo la nini? Na lile wingu jeupe la usiku ndilo galaksi?

#1 MamaMukene_Ssese
Habari zenu. Naomba msaada, mtoto amenishinda.

Mimi hununua mukene visiwani Ssese. Siku hizi mwezi umefichika, na ndizo siku zetu za kazi, kwa sababu dagaa hawa hufuata taa za wavuvi vizuri usiku ukiwa giza totoro. Mwanangu wa Senior Two (S2, yaani kidato cha pili) yuko likizo ya muhula wa pili, kwa hiyo tunakaa naye mwaloni tukingoja mitumbwi. Ana daftari lake la fizikia lenye maneno nyota, galaksi, nebula, supanova, shimo jeusi. Anasema mwalimu aliyapitia mbiombio siku moja tu.

Ameniuliza mambo mawili. Kwanza, lile wingu jeupe linalokatiza anga kutoka huku hadi kule ndilo galaksi? Na kama sisi tumo ndani ya galaksi, tunaionaje? Pili, shimo jeusi limechimbwa kwenye nini, ikiwa angani hakuna udongo? Nilimjibu "tulia, mitumbwi inakuja". Nisaidieni nimjibu vizuri.

#2 Boda_wa_Nateete
Nilivyosikia mimi, shimo jeusi hufyonza kila kitu: nyota, sayari, hata mwanga wenyewe. Na liko moja kubwa katikati ya galaksi yetu. Kwa hiyo ni suala la muda tu, ipo siku hata Jua litamezwa. Mwambie kijana amalize shule mapema.

#3 Mwalimu_Gulu
Boda, hapo kwenye kumezwa sikubaliani nawe, nitarudi.

Mama, mtoto wako ameuliza swali zuri. Lile wingu ni galaksi yetu wenyewe, wengi huiita Njia Nyeupe. Si wingu la mvua. Ni nyota nyingi mno zilizo mbali mno, macho yanashindwa kuzitenganisha, yanaona weupe tu. Galaksi yetu ni bapa kama chapati, na sisi tumo ndani ya unga wenyewe, si katikati wala ukingoni. Ukitazama kufuata ubapa wa chapati, macho yanapita kwenye nyota nyingi. Ukitazama kuelekea juu au chini, yanatoka haraka kwenye upande mwembamba. Ndiyo maana unaona mkanda, huoni duara.

Ni kama kusimama katikati ya msitu wa Mabira. Huuoni msitu mzima, unaona miti imekuzunguka.

Upana wake ni kama miaka ya nuru 100,000, na nyota zake hukadiriwa kuwa kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Jua letu ni mojawapo, liko kama miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovu.

#4 Chapati_na_Mayai
Nimeingia nikidhani ni uzi wa mapishi, lakini nimebaki. Swali: kama upana ni miaka 100,000, ina maana galaksi ina umri wa miaka laki moja? Mbona Dunia wanasema ina mabilioni?

#5 Boda_wa_Nateete
Hilo nalijua! Mwaka wa nuru ni umbali, si umri. Ni mwendo ambao nuru inakwenda kwa mwaka mzima. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kampala hadi Arua ni kama kilomita 480, kwa hiyo ndani ya sekunde moja ingekwenda na kurudi zaidi ya mara 300. Mwaka mzima inafanya kilomita trilioni 9.46.

Nimepiga hesabu leo nikiwa steji. Nyota iliyo karibu zaidi baada ya Jua ni Proxima Centauri, miaka ya nuru 4.24. Kwa pikipiki, kilomita 60 kwa saa, bila kulala wala kujaza mafuta, utafika baada ya miaka milioni 76.

#6 Afande_Mstaafu
Salaam. Boda umeniamsha. Sisi jeshini tulitembea usiku kwa nyota kabla ya hizi simu. Wageni waliosomea Ulaya walikuwa wanatuambia tutafute Nyota ya Kaskazini. Kwetu hiyo haisaidii. Urefu wake juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo yako. Kampala ni sehemu ndogo tu ya digrii moja kutoka ikweta, kwa hiyo nyota hiyo imelala pale pale kwenye ardhi, na kichaka kimoja kinatosha kuificha. Arua inapanda digrii tatu, bado si kitu.

Tulitumia Msalaba wa Kusini. Lakini tuna bahati nyingine: mtu wa ikweta, kwa mwaka mzima, anaona nyota za kaskazini na za kusini zote. Mtu wa London hauoni Msalaba maisha yake yote akibaki kwao.

#7 Ibn_Bombo
Afande ametaja jambo muhimu. Wazee wetu wa Bombo waliosoma falaki walikuwa na majina kamili, na mabaharia wa pwani vilevile. Sayari tunazijua: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Lakini nyota nazo zina majina: Shira ndiyo ing'aayo kuliko zote za usiku, Suheli inaifuata, Ibuti la Jauza ni ile nyekundu kwenye kundi la Jabari. Mama, mwambie mtoto aandike majina haya pembeni ya yale ya kitabuni.

Na tafadhali tusiite elimu hii unajimu. Unajimu ni kupiga ramli. Hii ni falaki.

#8 Bukoba_Jirani
Jirani Ibn, mimi niko upande wa pili wa mpaka wa Mutukula na nakubishia kidogo. Wako Waswahili wengi wanaotumia unajimu kwa elimu ya nyota yenyewe, na falaki nayo imewahi kutumiwa na waganga. Neno astronomia lipo, halina ugomvi. Vinginevyo nawapongeza, Kiswahili cha Waganda kimenyooka kuliko tunavyowasema.

#9 Fundi_Katwe
Asante kwa darasa. Ibn ametaja nyota nyekundu, na mimi nataka kusema kitu kuhusu rangi, kwa sababu nachomelea vyuma Katwe mwaka wa kumi na nne sasa.

Watu wanadhani nyekundu ni moto mkali na bluu ni baridi, kama alama za mabomba ya hotelini. Chuma hakikubali hilo. Kikianza kupata moto kinakuwa chekundu, ukizidisha kinakuwa cha machungwa, kisha njano, kisha cheupe. Nyekundu ndiyo mwanzo wa joto! Nyota nazo ni hivyo hivyo. Ibuti la Jauza ina kama nyuzi 3,500 juu ya uso wake, Jua lina kama 5,500, na ile nyeupe ya bluu kwenye mguu wa Jabari, Rijili, inapita 11,000. Nilipolisoma hilo nilitoka nje saa tisa usiku, Jabari lilikuwa linapanda mashariki, nikazitazama zote mbili. Nilijisikia nimezielewa kwa mikono yangu.

#10 Nalongo_Jinja
Vizuri Fundi. Ila si mnajua nyota nyingi tunazoziona zimeshakufa zamani? Tunaona mwanga wake tu. Mtoto aambiwe ukweli.

#11 Mwalimu_Gulu
Nalongo, hilo linasemwa sana, na nimewahi kulifundisha mimi mwenyewe kabla sijakaa nikahesabu. Nyota unazoziona kwa macho matupu karibu zote ziko ndani ya miaka ya nuru elfu chache. Nyota huishi mamilioni na mabilioni ya miaka. Kwa hiyo barua imechelewa miaka elfu moja, lakini aliyeiandika angali na miaka milioni mbele yake. Karibu zote zipo hai.

Unayeweza kumtilia shaka ni Ibuti la Jauza, kwa sababu ni jitu jekundu lililo mwishoni mwa maisha yake. Mwishoni mwa 2019 na mwanzo wa 2020 lilififia mpaka watu wakadhani linakaribia kulipuka. Ikaonekana lilijifunika kwa vumbi lililotoka lenyewe.

#12 Nalongo_Jinja
Sawa, nimekubali nusu. "Karibu zote" si zote.

#13 Pakwach_Majini
Mnalizunguka shimo jeusi bila kulifikia, ngoja niwasaidie kwa kile ninachokijua.

Kwenye maporomoko ya Murchison, Nile yote inabanwa kwenye mwanya wa mita kama 7, kisha inadondoka mita 43. Huko juu, mbali na mwanya, unaweza kupiga kasia unavyotaka. Ukisogea, maji yanakaza mwendo. Kuna mahali ukifika, hata uwe na mikono ya chuma, maji yamekushinda mwendo. Mahali hapo hapana kamba wala kibao, maji yanaonekana vilevile. Lakini ukishapita, hurudi.

Shimo jeusi lina mpaka wa namna hiyo, unaitwa upeo wa tukio. Ndani yake, ili utoke unahitaji mwendo unaozidi wa nuru, na hakuna kitu kinachoizidi nuru. Ndiyo maana ni jeusi. Si kwamba limepakwa rangi.

#14 Mwalimu_Gulu
Pakwach, mfano mzuri, lakini una hatari moja. Mto unakuleta mwanyani hata kama umelala. Shimo jeusi haliko hivyo. Boda alisema #2 kwamba litafyonza Jua. Tuseme leo Jua linatolewa na pale pale linawekwa shimo jeusi lenye uzito uleule. Tungekufa kwa baridi na giza, ndiyo, lakini Dunia ingeendelea kuzunguka njia ile ile, kwa mwaka ule ule. Mvutano wa mbali ni uleule. Kinachobadilika ni kwamba kitu ni kidogo mno, kwa hiyo unaweza kukikaribia mno, na hapo ndipo mvutano unapokuwa wa kutisha.

Kidogo kiasi gani? Jua lingebanwa mpaka nusu kipenyo kiwe kilomita 3, lienee katikati ya mji wa Kampala. Dunia nzima ingebanwa mpaka nusu kipenyo cha milimita 9. Bahari, milima ya Rwenzori na sisi wote ndani ya kitu kama gololi.

Lakini Jua halitakuwa shimo jeusi, ni jepesi mno. Baada ya miaka kama bilioni 5 litavimba kuwa jitu jekundu, kisha litabaki kibete cheupe, yaani kiini kidogo kilichobanana kinachopoa polepole.

#15 Pakwach_Majini
Nakubali kuhusu mbali. Lakini karibu na mpaka, mto wangu uko sawa, wala sitauacha. Wanafizikia wenyewe husema ndani ya mpaka hata nafasi inamiminika kuelekea ndani.

#16 Malaba_Trela
Nyie walimu, mbona swali la mama hamjalijibu? Shimo LIMECHIMBWA KWENYE NINI? Maana kama ni kitu chenye uzito kilichobanwa, basi si shimo, ni donge. Neno linatudanganya. Niko foleni Malaba tangu asubuhi, nina muda wa kutosha kubishana.

#17 Ibn_Bombo
Malaba ana hoja. Tuliite kaburi la nyota. Nyota kubwa ikimaliza kuni zake inaanguka ndani yake, inalipuka kama supanova, na kinachobaki ndani ni hicho.

#18 Chapati_na_Mayai
Lakini yale makubwa ya katikati ya galaksi, je? Hayo nayo yalikuwa nyota?

#19 Mwalimu_Gulu
Chapati umegusa pagumu. La galaksi yetu lina uzito wa majua milioni 4 na kidogo. Hakuna nyota ya uzito huo. Wako wanaosema yalianza kama mashimo madogo ya nyota za kwanza, yakala gesi na kuungana. Wako wanaosema wingu kubwa la gesi lilianguka moja kwa moja bila kuwa nyota kwanza. Kuungana tunajua kunatokea: tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa mtikisiko wa mashimo mawili, moja la majua kama 36 na jingine 29, yakigongana zaidi ya miaka ya nuru bilioni moja kutoka hapa. Lakini kutoka 60 kufika milioni 4, na kwingine mabilioni, ni safari ndefu. Kwa hiyo "kaburi la nyota" linafaa kwa madogo, kwa makubwa hatuwezi kuapa.

#20 Fundi_Katwe
Mimi ningeliita kisima cheusi. Kisima kina kina, kitu kinatumbukia, na ukichungulia huoni chini. Malaba, kisima hakihitaji kuchimbwa kwenye anga. Uzito wa kitu ndio unaoinamisha nafasi inayokizunguka, kama turubai ukiweka nyundo juu yake.

#21 Malaba_Trela
Fundi, turubai lako linainama kwa sababu Dunia inavuta nyundo. Huko angani nani anavuta?

#22 Fundi_Katwe
Hapo umenibana. Nitalala nalo.

#23 Bukoba_Jirani
Wapenzi, shimo jeusi limeshakaa kwenye magazeti na vitabu, acheni lilale. Mwaka 1783 Mwingereza John Michell aliwaza kuhusu nyota nzito kiasi cha kuzuia nuru yake isitoke, yaani nyota za giza. Jina la shimo jeusi lilikuja kuenezwa na mwanafizikia Mmarekani John Wheeler kuanzia 1967. Hata wao walihangaika na jina karibu miaka mia mbili.

#24 Busia_Historia
Mnagombania maneno kana kwamba Kiswahili ni mgeni kwenye jambo hili. Hamjui kwamba chombo kilichogundua shimo jeusi la kwanza kilikuwa na jina la Kiswahili? Kiliitwa Uhuru! Kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ndiyo sababu ya jina. Kilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei za angani. Kila nikilisimulia jambo hili moyo unanijaa.

#25 Mwalimu_Gulu
Busia, hili ni zuri sana na nitalitumia darasani. Ila tuliweke sawa: shimo hilo la kwanza linaitwa Cygnus X-1, na Uhuru haikuigundua, roketi ilikuwa imeiona tangu 1964. Kazi kubwa ya Uhuru ilikuwa kuonyesha kwamba eksirei zake zinapepesa haraka mno, chini ya sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa haraka hivyo, kwa hiyo ilijulikana ni kidogo. Baadaye wataalamu wakaiona nyota inayozungukana na kitu kizito kisichoonekana.

Na eksirei hazitoki ndani ya shimo. Zinatoka kwenye gesi inayozunguka nje, ambayo inasuguana mpaka inafika mamilioni ya nyuzi.

#26 Busia_Historia
Nimesahihishwa, asante. Jina linabaki letu.

#27 Boda_wa_Nateete
Na sisi Uganda si tulikuwa na satelaiti yetu? PearlAfricaSat-1. Nayo ilikuwa inatafuta mashimo?

#28 Afande_Mstaafu
Hapana kijana. Ile ilirushwa Novemba 2022, ilijengwa na wahandisi wetu watatu wakiwa Japani, na kamera yake ilitazama chini, ardhi na maji yetu. Nilifurahi siku ile kama nimepandishwa cheo.

#29 Pakwach_Majini
Mkitaka fahari ya nyumbani, mimi nilikuwepo Jumapili ile, tarehe 3 Novemba 2013, Jua lilipofunikwa kabisa hapa Pakwach. Saa kumi na moja na kitu jioni. Wageni walijaa, magari kila mahali, na mawingu yalitutia wasiwasi mpaka dakika za mwisho. Giza lenyewe halikufika nusu dakika. Kuku wa jirani yangu walianza kuelekea bandani, kisha wakasimama njiani wasijue la kufanya. Mama mmoja karibu yangu alilia, na mimi machozi yalinitoka nisijue kwa nini.

#30 Mwalimu_Gulu
Na kupatwa kwa Jua kunahusiana na uzi huu moja kwa moja! Tarehe 29 Mei 1919, kwenye kisiwa cha Príncipe, hapa hapa Afrika, mtaalamu wa nyota Mwingereza Arthur Eddington alipiga picha za nyota zilizo karibu na Jua wakati limefunikwa. Wenzake walikuwa Sobral, Brazili. Walipopima, nyota zilionekana zimesogea kidogo, kwa sababu nuru yake ilipinda ikipita karibu na Jua, kama Einstein alivyosema. Jua linaipinda kidogo tu. Shimo jeusi linaipinda mpaka inashindwa kutoka. Malaba, jibu langu kwako ni hilo: kilichochimbika ni njia ya nuru.

#31 Malaba_Trela
Afadhali. Sijaridhika, lakini afadhali. Foleni imesogea magari matatu.

#32 Nalongo_Jinja
Kama halionekani, ile picha ya pete ya rangi ya machungwa walipiga nini?

#33 Ibn_Bombo
Nalongo, walipiga kivuli chake. Ya kwanza ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, ni ya shimo la galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55, uzito wa majua bilioni 6.5. La kwetu likafuata tarehe 12 Mei 2022. Rangi ya machungwa waliichagua wao, kwa sababu darubini zile zilipokea mawimbi ya redio, na redio haina rangi.

Na kabla ya picha walishalijua kwa kufuatilia nyota zinazolizunguka. Iko moja inalizunguka kila baada ya miaka 16. Mama atafurahi, jina lake ni S2, kama darasa la kijana.

#34 MamaMukene_Ssese
S2! Nimemsomea, amecheka mpaka wavuvi wakageuka. Sasa anajiita nyota. Asanteni, tunasoma wote kwa taa ya simu.

#35 Kiruhura_Maziwa
Nimechelewa, nilikuwa nakamua. Neno galaksi asili yake ni la Kigiriki linalohusu maziwa. Wagiriki waliona ule mkanda kama maziwa yaliyomwagika. Mimi mfugaji napendekeza tuseme Njia ya Maziwa, tuache Njia Nyeupe.

#36 Chapati_na_Mayai
Kwa Kiswahili maziwa ni ya ng'ombe na pia ni Victoria, Kyoga na Albert. Watoto watadhani ni barabara ya kuelekea Kalangala.

#37 Kiruhura_Maziwa
Basi vizuri zaidi! Mama yuko ziwani, anaitazama juu ya ziwa. Maana zote mbili zimetimia.

#38 Tororo_Shamba
Kwetu bibi alijali Kilimia tu. Alijifunza msemo kwa Waswahili wa reli: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Alipanda kwa hicho. Nyota sita zilizobanana, yeye aliapa ni saba.

#39 Mwalimu_Gulu
Bibi hakukosea sana, kwa darubini ni zaidi ya elfu moja. Ziko kama miaka ya nuru 440, na ni changa, umri wake ni kama miaka milioni 100. Zilipozaliwa, dinosaria walikuwa wanatembea duniani. Mama, kwa sasa Kilimia kinachomoza mashariki baada ya saa sita usiku.

#40 Boda_wa_Nateete
Mbona mimi Nateete sioni mkanda wowote? Naona nyota ishirini na ndege ya Entebbe.

#41 Fundi_Katwe
Taa za mji. Umeme ukikatika Katwe nzima, anga linarudi.

#42 Afande_Mstaafu
Si taa peke yake. Miezi hii kuna moshi wa kuchoma mashamba, na vumbi. Nimekaa Nakasongola ambako hakuna taa, na kuna usiku mkanda hauonekani.

#43 Tororo_Shamba
Mimi nasema ni majira. Januari unaona upande hafifu wa mkanda, Julai na Agosti kitovu chenyewe kinapita juu angani.

#44 Nalongo_Jinja
Na macho ya simu. Boda, zima simu robo saa kwanza, macho yazoee giza, kisha utuambie.

#45 MamaMukene_Ssese
Tumetoka nje sasa hivi, tumezima taa yetu. Mkanda uko juu yetu moja kwa moja. Lakini kijana ameona kitu: katikati ya ule weupe kuna mapengo meusi, kama mkanda umepasuliwa vipande viwili. Anauliza kwa sauti ya chini kabisa: hayo ndiyo mashimo meusi?

#46 Mwalimu_Gulu
Hapana, lakini mwambie macho yake ni mazuri. Hayo ni mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyotanda mbele ya nyota na kuzikinga, kama moshi wa jiko mbele ya taa. Na ndani ya mawingu kama hayo ndimo nyota mpya zinamozaliwa. Shimo la kitovu chetu liko upande wa kusini wa mkanda huo, pale panaponenepa, nyuma ya vumbi lilo hilo. Hata Mlima Elgon ungewekwa huko usingeuona.

#47 Malaba_Trela
Kwa hiyo palipo peusi si shimo, na shimo haliko palipo peusi. Narudia: neno linatudanganya.

#48 Fundi_Katwe
Kisima.

#49 MamaMukene_Ssese
Amehesabu Kilimia mara tatu. Sita, saba, sita. Anasema ya saba inaonekana akitazama pembeni kidogo, siyo akiikazia macho. Taa za mitumbwi zimeanza kugeuka kuja huku, nakwenda kupokea mukene. Yeye amebaki kwenye mchanga, amelala chali.